Zeze la Baba Kwenye Sinema ya Pamba

Baba yangu alikuwa wa kwanza huku kwetu Shinyanga kuitungia sinema muziki. Wapiga picha walikuja na filamu ya kufundisha kilimo cha pamba, waliyoipiga mashambani kwetu, wakatundika shuka ukutani mwa ghala, wakamwomba apige zeze huku akitazama. Mara ya kwanza alisahau kabisa kupiga, alivyoduwaa kuwaona majirani zake wakitembea juu ya shuka. Mara ya pili ndipo mkono ulipofuata majembe, na wao wakainasa sauti kwenye mashine yao. Siku ile alirudi nyumbani akijisikia kweli kweli, hata uji aliunywa kwa maringo.

Kabla filamu haijarudi kwetu ikiwa na sauti yake, homa ilimchukua. Zeze lake alilibeba baba mkubwa, mtu asiyeweza hata kupiga mluzi. Nyumba ikawa kimya, kimya cha kuumiza. Mama akabaki na tumaini moja tu, kwamba siku moja sinema itakuja na atamsikia tena mumewe.

Gari la sinema lilipofika Tinde, si mbali na kwetu, nilikuwa nimeshaolewa. Nilimwachia mume wangu ng'ombe wake, nikamfuata mama. Giza lilipoingia watu wote walikaa kutazama shuka. Mama aliligeuzia mgongo, akaelekea kwenye spika.

Zeze likaanza. Alikuwa yeye, baba. Hapo hapo mfafanuzi, kijana wa mjini mwenye sauti nene, akapunguza sauti ya filamu, akashika maikrofoni, akaanza kutueleza pamba kwa Kisukuma, sisi tuliozaliwa ndani ya pamba.

Mama akamwendea. "Baba, naomba unyamaze kidogo. Huyo anayepiga ni mume wangu, ameshakufa."

"Shikamoo, mayu," kijana akamwita mama kwa Kisukuma. "Pole sana. Lakini nikinyamaza nitafukuzwa kazi. Nimetumwa kusema."

"Marahaba," mama alijibu, akarudi kukaa.

Basi tukawa tunamsikia baba pale tu kijana alipovuta pumzi. Na kijana yule alikuwa na pumzi nyingi.

Njiani mimi nililia. Mama hakulia. Alisema, "Nimempata kidogo."

Mama naye ameshakwenda. Nikiwa peke yangu shambani huwa nautafuta ule wimbo, namtaka baba, hata kipande chake tu. Haji. Anayekuja ni yule kijana, neno kwa neno: baada ya mavuno ng'oeni mabua yote, yachomeni moto, kisibaki kitu.