Friji Saba Zilizonitajirisha

Mke wangu aliondolewa kwenye dawa za bure za presha kwa sababu mimi ni tajiri.

Msicheke. Utajiri wenyewe niliupata nikiwa kazini.

Mimi ni fundi friji. Vyumba viwili, na sebule imejaa friji za wateja, mbovu zote. Kupita kwenda kulala unajibana ubavu.

Basi wakaja watafiti wa zahanati. Wanataka kujua kwa nini asiye nacho anaugua zaidi ya mwenye nacho, kwa hiyo wanazipanga kaya kwa madaraja matano kulingana na vitu vya ndani. Daraja la chini, dawa bure mwaka mzima.

Aliyewapokea ni mama mkwe.

"Mna friji, mama?"

"Saba. Hesabu mwenyewe."

Niliporudi nikamwuliza, "Mama, si ungesema ni za wateja?"

"Nimwaibishe binti yangu mbele ya wageni? Wewe huna haya, mimi ninayo."

Mke wangu kacheka mpaka kashika ukuta. Mwenye presha ni yeye.

Nikamfuata mtafiti zahanati, kijana wa miwani.

"Mzee, kwa utajiri umempita hata daktari wetu."

"Hazigandishi hata maji, bwana mdogo."

"Swali linauliza kama ipo. Haliulizi kama inagandisha. Ijumaa tunapita tena kuhakiki."

Kuhakiki? Hapo ndipo akili ikanichemka.

Alhamisi nikazisukuma zote kwa majirani, moja kila nyumba. "Nishikieni mpaka kesho jioni." Wakafurahi kama wamepewa mwali. Kinyozi akaitandikia yake kitambaa. Fundi cherehani akajaza vitambaa vya wateja ndani.

Ijumaa kijana akaingia kwangu, sebule tupu, ukikohoa sauti inakurudia.

"Daraja la chini," akasema. "Hongera, mzee."

Nilitaka kumbusu. Nani amewahi kupongezwa kwa ufukara?

Akatoka. Nikadhani anakwenda zake. Akabisha mlango wa pili.

"Hodi. Tunahakiki mtaa mzima."

Nyumba ya kinyozi, friji. Ya fundi cherehani, friji. Mtaa mzima ukapanda cheo kabla ya adhuhuri.

Jioni wamejaa mlangoni kwangu. Fundi cherehani mbele, mama yake ana kisukari.

"Jirani, umetutajirisha. Sasa sindano za mama utanunua wewe?"

Nikamkimbilia kijana, nikamweleza yote. Akavua miwani, akacheka mpaka machozi.

"Mzee, friji nimeziona kwa macho yangu. Siwezi kuzifuta. Lazima ziwe za mtu."

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa amenifuata, pumzi juu. Akaitikia kwa kichwa, huku anacheka.

"Za kwangu," nikasema. "Andika zote saba."

Majirani wakashuka siku hiyohiyo. Vigelegele mtaani kama harusi, watu wanashangilia kurudi ufukarani.

Ndugu zangu, ukitaka kujua hali ya mtu usihesabu vitu vyake, muulize kama vinafanya kazi.

Mimi imenigharimu hivi. Kwa kusukumwa huku na huku friji moja imeng'oka mlango, nyingine imevunjika mguu, zote natengeneza bure. Mgongo bado unauma. Na dawa za mke wangu nanunua mwenyewe, kila mwezi, mpaka utafiti uishe.