Jiwe la Kutulia Mzigo

Juzi gari letu lilichemsha, tukasimama kileleni mwa mlima, barabara ya kwenda Kamuli. Pale pana jiwe kubwa linalofika kifuani. Akina mama hutua juu yake mikungu ya ndizi, wakapumua, kisha wakajitwika tena bila kuomba msaada wa mtu. Sasa limezungushiwa seng'enge, na bango jipya linasema: "Hapa ndipo wasafiri wa kale walipotua mizigo yao."

Akaja bibi mmoja, mkungu kichwani, jasho linamtiririka. Akaishika seng'enge kwa mkono mmoja, akaitikisa.

"Shikamoo bibi," akasema mlinzi aliyewekwa pale. "Hapa haparuhusiwi. Hii ni historia."

"Marahaba. Historia ya nani, baba? Mimi Jumatatu nimetua hapa hapa."

"Ni amri ya ofisi, bibi."

"Na hiyo ofisi ndiyo itakayonitwika?"

Bibi akaanza kuteremka, shingo imekakamaa, mzigo ungali kichwani.

Hivi aliyeandika bango lile aliwahi kubeba hata kilo ya ndizi? Bibi wa watu hajafika hata gulioni, wao wameshamwandika kuwa wa kale!