Turubai Lilipoishia

Mwezi uliopita, nikitokea Nachingwea, nilikuta mkutano Ruangwa. Viongozi walikuwa wanaeleza mpango wa soko jipya: kwanza ukuta na geti, paa litafuata fedha zikipatikana. Wao walikaa meza kuu, chini ya turubai. Akina mama wauza mboga walikaa juani, khanga kichwani.

Mtafiti kutoka chuo kikuu, dada mpole, alipopewa nafasi hakufungua makabrasha yake. "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba tubadilishane viti na akina mama, kisha tuendelee."

Watu wakacheka. Ofisa mipango naye akacheka, akabeba kiti chake akaenda juani. Wenzake wangefanyaje? Wakamfuata.

Hotuba ya ukuta haikufika mbali. Ofisa alijifunika kichwa kwa mchoro wa soko. "Dada, hatuwezi kuanza na paa?"

"Tunaweza. Tukae tupange upya pamoja."

Mama mmoja akadakia kutoka kivulini, "Kaeni hukohuko mpaka mmalize, baba!"

Wamemaliza. Juzi nimekuta mashimo ya nguzo za paa yanachimbwa. Siku hizi nikialikwa kwenye mkutano wa mipango miji, kabla ya kusoma ajenda naangalia turubai limeishia wapi.