Sufuria ya Mama Niliyoitoboa

Watu wa rika langu mjini kwetu Baraka wakiniona hadi leo wanaficha mdomo kwa mkono, na najua wanachekea nini, basi afadhali nisimulie mwenyewe kabla hawajaongeza chumvi: mimi, mtoto wa mkulima wa pamba, niliyejilipia shule kwa kubeba mizigo ya watu, wa kwanza mtaani kwetu kupata diploma ya kilimo (yenye muhuri, ninayo bado), niliwaliza watu wa mtaa mzima kwa sababu ya bustani ya maua.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Nilikuwa nimerudi kutoka masomoni Bukavu na viatu vya ngozi, tai nyeusi na miche ya maua ndani ya kopo, na Jumapili ile baba yake Feza, binti niliyemtaka, alikuwa anakuja na dada yake, shangazi wa Feza, kuangalia kwetu kunafananaje kabla ya kukubali posa. Mama alikuwa amepanda kwenda Fizi kumtazama dada yake mgonjwa, akaahidi kurudi Jumapili hiyohiyo awapikie wageni. Nikajiuliza, wakwe wakute nini mlangoni, vumbi na kuku? Huko Bukavu nilikuwa nimeona baraza za watu wakubwa zenye maua katika vyombo vikuukuu, ndoo, hata birika.

Basi nikaingia jikoni kwa mama. Nikatoa chungu kilichopasuka mdomo, beseni lililobanduka rangi, kikombe kisicho na mkono, sahani zake, na sufuria moja nyeusi iliyopinda kama kofia ya mlevi. Kwa kuwa nimesoma, nilijua kwamba chombo kisicho na tundu kinaozesha mizizi, kwa hiyo nikachukua msumari na jiwe nikavitoboa vyote. Mbele ya nyumba nikapandisha tuta zuri, refu kiasi cha mtu kulala, nikalizungushia chupa zilizopinduliwa, nikavipanga vyombo juu yake na miche ndani yake (hata ua moja lilikuwa bado halijafunguka). Nikarudi nyuma nikatazama. Nilijipenda sana.

Sasa, kama wewe si wa kwetu, ujue kwamba wazee wetu walipomzika mtu, mara nyingi karibu na nyumba yake, walichukua vyombo alivyokuwa akitumia, wakavitoboa ili mwizi asivitamani, wakavipanga juu ya kaburi. Nililijua jambo hilo tangu utoto. Siku ile halikunijia hata kidogo, kichwa chote kilikuwa Bukavu.

Wageni walifika kabla ya mama. Nilikuwa ndani nikihangaika na tai, nikatoka nikitabasamu, nikamkuta baba yake Feza amevua kofia mbele ya tuta langu.

"Weye mwenyewe njo ulifanya hii?" akauliza polepole.

"Eeh baba, mi mwenyewe! Sikuita hata muntu moja."

"Hata majirani?"

"Majirani ba nini, baba? Mi niko na diploma."

Shangazi yake Feza akajitupa chini akapiga yowe. Majirani wakaja mbio, wakaona tuta, wakaona vyombo vya mama, wakaona tai nyeusi, wakaanza nao kulia. Mimi nikadhani wageni wamekuja na habari ya msiba wa kwao, na kwa kuwa nimelelewa vizuri nikalia pia, tena kwa sauti, ili mkwe aone nina huruma. Mkwe akanishika mkono.

"Feza hawezi kuolewa na muntu mwenye kuzika mama yake yeye moja, kimya, sawa mwizi."

Hapo ndipo nilipoelewa, na machozi yakakauka yenyewe. "Mama iko Fizi!" nikapaza sauti. "Mama iko muzima!"

"Masikini," jirani mmoja akasema, "huzuni inamupita nguvu." Wanaume wakanikalisha kwa nguvu.

Ndivyo mama alivyotukuta, kikapu cha maharagi kichwani, akimgusa bega mwanamke wa nyuma kabisa: "Banalilia nani hapa?" Mwanamke akageuka, akamwona, akakimbia, na nusu ya waombolezaji wakamfuata. Mama hakuwatazama. Alikuwa ameona kitu juu ya tuta. Akaenda, akamwaga udongo, akainua sufuria kuelekea jua, mwanga ukapita tunduni ukampiga usoni.

"Mi niko muzima," akasema. "Sufuria yangu njo ilikufa. Baba yako aliuza pamba akainunua, ndiyo ninapikia bukari kila siku. Diploma yako inajua kupika?"

Mkwe alikuwa amekwisha vaa kofia ili aondoke, na mama akamgeukia: "Baba Feza, munipatie huyo binti haraka. Mi moja sitaweza kulinda vyombo vyote!"

Mkwe akacheka hadi akaketi juu ya tuta. Bukari, ugali wetu, siku ile ilipikwa katika sufuria ya kuazima, na Feza alilinda vyombo vya mama miaka yote.

Maua yalifunguka, mekundu, watu wakatoka mbali, hata Makobola, kuja kuona kaburi la mama aliye hai, naye akiwaonyesha kwa maringo. Tangu hapo ninapanda ardhini tu, na jikoni mwa mtu siingii na msumari. Hata siku mama alipotuaga kweli, wazee waliponipa msumari na vyombo vyake, nilimpa Feza avitoboe. Ile sufuria nyeusi niliiweka juu mwenyewe, kwa sababu ilikuwa tayari.