Treni za Marekani Katika Landhi ya Voi

Kabla hakijaja kwetu, kitabu kile kazi yake ilikuwa kushikilia kitanda. Karani Mgoa wa stesheni ya Voi alikuwa na kitanda kilichovunjika mguu mmoja, na badala ya kumwita seremala alisukuma kitabu chini yake. Kilimtosha kabisa, maana kilikuwa kinene kuliko Biblia ya kanisani. Alipohamishwa, baba alimsaidia kubeba masanduku yake mpaka kwenye treni, na karani akampa kile kitabu kwa kumshukuru.

"Chukua, mzee. Treni zote zimo humu."

Treni zote! Mimi ndiye niliyeketi nacho mlangoni kwetu, nikafungua orodha ya majina kule nyuma, nikaitafuta Voi. Nikaona Virginia, nikaona Vermont, Voi hakuna. Nikatafuta Mombasa, nikapata Montana.

"Baba, hiki ni cha Marekani na Kanada peke yake. Sisi hatumo."

Baba alikuwa anafuta vumbi kwenye jalada kwa ncha ya kanga ya mama, na mama bado ameivaa. "Reli ni reli," akasema. "Unadhani Wamarekani wanapitisha treni juu ya miwa?"

Nilicheka. Siku hizo nilikuwa nacheka kwa kila kitu, mwalimu wetu alisema nitacheka hata nikiwa ndani ya jeneza. Sasa sijui. Nimerudia habari hii kichwani mara nyingi nikitafuta pale ambapo ingeweza kugeuka ikawa nyingine, na sipaoni.

Lazima nieleze kazi ya baba. Alikuwa shanta, mtu wa kupanga mabehewa uani mwa stesheni. Anampa dereva wa injini ishara: njoo, rudi, simama. Mabehewa yakikutana, yeye anainama kuyaunganisha. Alifanya hivyo tangu mimi sijazaliwa, mpaka mgongo ukakataa. Daktari wa reli akamkunja, akamkunjua kama kiti cha turubai, halafu akaandika kwamba asiunganishe tena mabehewa. Ikabaki njia moja tu: afanye mtihani wa gadi. Gadi hainami. Anakaa behewa la mwisho na bendera yake na filimbi yake, na treni haiondoki mpaka yeye aseme. Baba akipita, tunabaki landhini, kwenye nyumba za reli, na mimi namaliza darasa la nane. Akianguka, kazi hana, na nyumba ya reli si ya mtu asiye na kazi ya reli. Tungerudi Sagalla, juu mlimani, kwenye shamba la babu lenye mawe ya kutosha kujenga kanisa na maji ya kutosha kumnawisha paka uso.

Mle landhini kulikuwa na imani moja ambayo sijaisikia kwingine. Watu waliamini kwamba wazungu wana kitabu cha reli wanachokificha, na kwamba maswali yote ya mtihani hutoka humo. Mtu akianguka, wenzake walimwambia, "Wewe umejibu ya uani. Mzungu anataka ya kitabu." Ya uani ni ile wanayofanya kila siku kwa mikono yao, jua na mvua, na treni zinafika Mombasa salama. Hiyo waliihesabu kuwa ya kienyeji tu. Ya kweli ilikuwa mahali fulani, imefungiwa kabatini.

Basi kitabu kikaingia landhini. Wanaume walikuja kukitazama kama wanavyokuja kumtazama mtoto mchanga. Mmoja alinawa mikono kwanza. Wakafungua picha, injini kubwa kubwa zenye kengele na taa moja usoni kama jicho la chongo, na mzee mmoja wa Mbololo, shanta mwenzake baba, akatikisa kichwa.

"Ndicho hiki," akasema. "Wametuficha miaka yote hii."

"Kilikuwa chini ya kitanda, mzee," nikamwambia.

"Si nimekwambia? Wamekificha."

Kiingereza cha kitabu hakuna aliyekiweza ila mimi, nami nilikiweza nusu. Tukasoma kila Jumapili baada ya kanisa. Baba alijifunza kusoma kwa katekisimu, na kwake kusoma ni hivyo: mmoja anauliza, mwingine anajibu bila kukosa neno. Kwa hiyo nikageuza treni za Marekani kuwa katekisimu. Nilikuwa naongea puani kama mwinjilisti wetu.

"Swali. Behewa la gadi lina nini?"

"Lina jiko la chuma. Lina kitanda. Lina kibanda juu ya paa chenye madirisha, ili gadi aione treni yake yote."

"Na choo?"

"Kitabu hakikusema choo."

"Basi gadi wa Marekani hana haja."

Mama alicheka jikoni mpaka akakohoa. Baba hakucheka. Alikuwa anaitazama ile picha ya behewa la gadi. Gadi wetu wa treni ya Taveta anakaa kwenye ubao na vumbi la mkonge linampiga usoni mpaka Moshi. Baba aliuliza kama lile jiko lina bomba la moshi. Nikasema linalo. Akauliza kama mtu anaweza kupika ugali treni ikiwa inakwenda. Nikamwambia kitabu hakikusema ugali. "Linaweza," akasema polepole. "Jiko la namna hii linaweza."

Kulikuwa na mabehewa ya barafu ya kubebea matunda. Mama hakuamini. Shangazi yangu wa Mghange huteremsha kabeji na viazi mpaka Voi, na treni ikichelewa, kabeji zinaoza pale pale jukwaani na yeye amekaa juu ya gunia anazisikia harufu. "Barafu?" mama akasema. "Kwa kabeji?" Kulikuwa pia na injini yenye jembe mbele la kusukuma theluji. Hiyo nilimweleza baba kwa Kilimanjaro, kwamba ni kama kile cheupe cha juu kikishuka kikalala kwenye reli. Akaishika kwa moyo, ingawa nilimwambia Voi hapa tungeona jembe hilo likisukuma vumbi tu.

Ndipo tukafika kwenye ishara za mikono.

Kitabu kilisema hivi: ukitaka treni isimame, peleka mkono au taa huku na huku, kuvuka njia ya reli. Kulikuwa na picha ya mtu mwenye kofia, mkono wake unapita chini chini mbele ya magoti. Nikaacha kuongea puani.

"Baba, nyinyi hamfanyi hivi. Nyinyi mnainua mikono yote miwili juu ya kichwa."

"Hiyo ni ya uani."

"Lakini ndiyo anayoijua dereva."

"Dereva si mtahini. Uliza swali, mwanangu."

"Baba, hii ni ya Marekani."

"Nimesikia ya Marekani. Umeniambia Marekani, Marekani, kila Jumapili. Huko Marekani treni haisimami?"

Nikauliza swali. Akajibu bila kukosa neno. Halafu akasimama pale nje kwenye bomba la maji akafanya mazoezi, mkono huku, mkono huku, taratibu, na mgongo wake umenyooka kwa uchungu. Wanawake waliopanga madebe wakamwuliza kama ngoma hiyo ni ya Kidawida au ya Kikamba. Alikuwa amejaa matumaini kiasi kwamba alicheka nao. Sikuwahi kumwona hivyo.

Mtahini alikuja kutoka Nairobi kwa treni ya asubuhi, mzungu mwembamba mwenye kofia ya jua. Sisi wanafunzi tulikuwa likizoni. Nilipanda kwenye tuta karibu na tangi la maji, nikaona uani kote. Wenzangu wawili walikuja nami, na nilikuwa nimewaahidi kwamba leo wataona Mmarekani mweusi.

Maswali ya mdomo sikuyasikia. Niliona tu mtahini akijikuna shingo mara kwa mara. Baadaye nilijua kwamba baba alimweleza habari ya jembe la theluji.

Kisha wakaja kwenye kazi yenyewe. Injini ndogo ya uani, dereva wake Kalasinga mzee ambaye amefanya kazi na baba miaka mingi hata wanasalimiana kwa matusi, ilikuwa inasukuma mabehewa matatu kwenda kwenye behewa lililosimama. Lile lililosimama lilikuwa na mkonge wa Taveta. Baba alitakiwa kumleta dereva polepole na kumsimamisha kabla mabehewa hayajagusana.

Alimleta vizuri. Alimleta kama unavyomleta mgeni mzee kwenye kiti. Halafu nikaona amekaza mgongo, akashusha mkono, akaanza kuupeleka huku na huku mbele ya magoti.

Injini ikaendelea kuja.

Akaupeleka tena, kwa nguvu zaidi. Nikajikuta nimesimama juu ya tuta nimeinua mikono yangu yote miwili napiga kelele, "Juu! Baba, juu!" Lakini injini ile ina sauti, na hata kama angesikia sijui kama angenitii. Mabehewa yakagonga. Lile la mkonge likaruka reli, likainama upande, marobota yakaanguka moja baada ya moja, na vumbi likafunika kila mtu.

Hakuna aliyeumia. Watu husema hivyo: hakuna aliyeumia.

Niliteremka mbio. Nilipofika, Kalasinga alikuwa ameshuka anashika ndevu. "Mimi nafikiri yeye nafukuza mbuzi!" alikuwa anamwambia mtahini. "Kweli, bwana! Mbuzi iko mingi hapa! Mimi nasema, ngoja rafiki yangu fukuza mbuzi yake!"

Wenzangu walicheka. Ningekuwa si mtoto wake ningecheka kuwashinda.

"Wewe ulikuwa unafanya nini?" mtahini akamwuliza baba kwa Kiswahili.

Baba akasimama wima akajibu kama tulivyosoma. "Ishara ya kusimamisha treni, bwana. Mkono unapita huku na huku kuvuka njia ya reli."

"Nani amekufundisha?"

"Kitabu, bwana."

Akatumwa akilete. Alikuja nacho amekifunga kwenye kitambaa. Mtahini akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma, akafungua picha moja mbili, halafu akaanza kucheka. Hakucheka kwa ubaya. Nadhani hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alicheka kama mtu aliyepata kitu cha kuwasimulia wenzake chakula cha jioni, mpaka akavua kofia akajipepea. Baba naye akatabasamu, akidhani ni dalili njema.

"Mzee, hii ni Amerika," mtahini akasema. "Hapa si Amerika."

Lile tabasamu likabaki usoni mwa baba likiwa halina kazi.

"Bwana," akasema, "hata ile nyingine naijua." Akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, pale pale, mbele ya behewa lililolala. "Hii. Naijua hii, bwana. Nimeifanya miaka yote."

"Basi kwa nini hukuifanya?"

Baba akazidi kuinyoosha ile mikono. Angemwambia nini? Kwamba aliidhani ni ya kienyeji? Mikono yake ilibaki juu kwa muda, watu wote wanaitazama, mpaka mzee wa Mbololo akaja akaishusha moja moja akamshika begani.

Tulipewa mpaka mwisho wa mwezi tuondoke. Mama alifunga vyombo. Majirani walitupa viazi na sabuni kama wanavyowapa wafiwa. Mmoja wao, kijana aliyetaka naye kufanya mtihani, alimwomba baba kile kitabu, baada ya yote aliyoyaona kwa macho yake. Baba akampa. Nilimfuata yule kijana nje nikamweleza, nikamweleza tena. Akaniambia, "Mzee wako alisoma vibaya, ndiyo maana." Nikatamani kumpiga, halafu nikaona ana mke na mtoto mlangoni wanamsubiri, nikamwacha.

Sasa tunakaa Sagalla. Mimi nateremka Voi shuleni kabla ya jua na kupanda jua likiwa limekwisha, na mwalimu ananiamsha kwa rula. Mama amesema muhula huu tu, ujao tutaona. Najua maana ya tutaona. Baba hawezi kulima kwa ule mgongo, kwa hiyo analima mama. Jioni namsaidia, tunachimba mawe, na chini ya mawe kuna mawe.

Najaribu kumchekesha baba. Nimemwigia mwinjilisti, nimemwigia mwalimu, nimemwigia hata mkuu wa wilaya. Ananitazama kwa adabu, kama mtu anayesikiliza lugha ya wageni, kisha anasema, "Umekula?"

Nyumba tunayojenga ni ya chumba kimoja. Kutoka shambani kwetu unaona Voi yote kule chini, stesheni, uani, moshi wa treni ya Taveta ukielekea Bura, na kila mtu hapa hujenga akielekeza mlango huko kwa sababu ya upepo. Baba amechimba mashimo ya miimo ya mlango upande wa mlimani, Voi ibaki nyuma ya ukuta. Ami yangu alikuja kumwonya.

"Ndugu yangu, mvua ya huku hupiga kutoka juu. Itaingia ndani yote."

Baba akaendelea kuchimba amekaa, maana kuinama hawezi.

"Utalala kwenye maji!"

Mama alikuwa anarudi kisimani, debe kichwani, halijafika nusu. Alisimama akatazama mashimo, akamtazama baba.

"Mwache," akamwambia ami. "Ije tu hiyo mvua. Iingie mpaka jikoni."