Siku kambale wa chuma aliponishika mukono

Niseme haya yangu mwenyewe, kabla wifi yangu Tabu hajawasimulia kwa namna yake: mie, mwanamuke wa umri huu, niliyezika mume na kulea wajukuu, nilimezwa na samaki katikati ya Kasongo, muchana, watu wamevaa nguo zao za Jumapili, na huyo samaki nilikuwa nimemufuma mwenyewe.

Alikuwa kambale, mukubwa kama kitanda cha mutoto. Kichwa, mapezi na ndevu alifua Fundi Shabani, muhunzi wa pale karibu na soko (tumekua pamoja, tangu wadogo ananitania na mie simuachi bila jibu), kwa springi za lori moja lililokufa zamani kwenye njia ya Kabambare. Mwili wote niliufuma mie, kwa nyaya za feleji tulizofumua kutoka kamba ya kuvutia ya lori lilelile. Niliufuma vile baba yangu Kalonga alivyonifundisha kule Nyangwe kufuma mugono, kile kikapu kirefu cha kutega samaki, maana hakuwa na mutoto mwanaume, basi alinifundisha mie, na shule ikapita hivyo bila kuniona. Ndani ya mudomo nikaweka koo la mugono: nyaya zinainama kuelekea ndani kama faneli, zinamulegezea anayeingia na kumuchoma anayetaka kurudi.

"Mama Feza, huyu iko samaki ya kuangalia tu," Shabani aliniambia. "Koo la nini?"

Nikamwambia mugono bila koo ni kapu la vitunguu.

Sasa vidole vyangu vimekakamaa, hata kijiko nakishika kwa kukibembeleza, na jicho moja la Shabani limeingia ukungu. Tulijua wote wawili kwamba hakuna kambale wa pili. Wavuvi wa Nyangwe walikuwa wamemuomba wamuweke pale mitumbwi inapofika, na siku hiyo walikuja kumuchukua, na muzee wao Papa Salehe mbele, kofia nyeupe kichwani.

Shabani alitaka tumuweke juu ya meza. Nikasema hapana, chini, kama samaki aliyetoka majini sasa hivi. Neno hilo moja ndilo lililoniponza, maana pale chini kulikuwa na punje za mahindi ya Mama Aziza (anachoma mahindi mulangoni kwa Shabani), na kuku wa Mama Aziza alikuwa na vifaranga, na kifaranga kimoja kikafuata punje mpaka ndani ya mudomo wa kambale, kikapita koo, basi, kimeingia.

Katekista Leonari akainua mikono aombe. Watu wakafumba macho. Ndani ya samaki: piyo, piyo, piyo. Papa Salehe akainama pembeni yangu, polepole: "Samaki wenu naye anaomba?"

Nikajiambia, wamefumba macho, nitakitoa haraka. Nikapiga magoti, nikaingiza mukono mpaka juu ya kiwiko. Kifaranga kikakimbilia kwenye mukia. Nikavuta mukono, mukono ukakataa. Leonari akasema amina, na Kasongo nzima ikafumbua macho.

"Mama Feza," Shabani akauliza, "unamulisha?"

Nikajaribu kusimama, nikakanyaga kitenge, kikaanza kulegea kiunoni, nikakishika kwa mukono uliobaki, kilemba nacho kikaanguka, nikabaki kichwa wazi na nywele zangu zile chache. Waliocheka nawakumbuka wote: Mama Aziza, Leonari mwenyewe, Pelajia muuza chumvi, mapacha wa Ramazani, na Papa Salehe, aliyejifunika uso kwa kofia lakini mabega yalikuwa yanamusema.

Asiyecheka alikuwa Shabani, maana alikuwa ameona damu. Akaleta mukasi wa kukatia chuma.

"Nakata koo."

"Usikate."

"Mukono unavimba, mama."

"Uvimbe. Mukono ninao mwingine. Huyu tutamufuma tena na vidole gani?"

Akasimama na mukasi wake, jicho lile la ukungu linatoa machozi, na kicheko kikazimika, kila mutu akaangalia chini. Papa Salehe akasema kama ni hivyo wakate, wao watamupokea hata bila koo. Alisema kwa wema, na maneno hayo yaliniuma kuliko nyaya.

Ndipo Tabu akapita katikati ya watu. Huyu ni dada ya marehemu mume wangu, na yeye ni wa Nyangwe, tumelelewa mutaa mumoja.

"Wifi," akasema, "weye unayekumbuka mpaka jina la mbuzi wa jirani, umesahau Kalonga alikuwa anapima migono yake na mukono wa nani?"

Wangu. Kila kiangazi, kila mugono mupya, baba alikuwa ananiita, nakuja mbio, naingiza mukono mwembamba ule, naambiwa vuta. Ukitoka, anafumua koo lote na kuanza upya. Usipotoka, anacheka peke yake, anachukua ganda bichi la mugomba.

"Acha kuvuta," Tabu akasema. "Ingia tena."

Nikasukuma ndani, mpaka karibu na bega, nyaya zikalegea. Tabu akazungushia mukono wangu ganda la mugomba lenye maji alilokuja nalo, akalitelezesha mpaka chini ya ncha zote, akaniambia sasa. Mukono ukatoka mulaini kama unatoka kwenye sabuni. Ganda likabaki pale kooni, na kifaranga kikatoka juu yake taratibu, kama mutu anayetoka misa, kikaenda kwa mama yake.

Papa Salehe akainama, akaangalia koo muda mrefu.

"Baba yako akishapima, alikuwa anasema nini?"

"Linavua," nikasema. "Hivyo tu."

"Basi linavua," akasema, na wakamubeba.

Leo kambale yuko Nyangwe, ukingoni, na watoto wa kule wanamwita Mama Feza, wacha wamwite. Nikienda kumusalimia nakaa mbali, mikono yote miwili ndani ya kitenge, na kuku nawafukuza. Sitaingiza mukono tena mudomoni mwake, hata kikilia nini humo. Ila nilibaki na alama ndogo za mviringo juu ya kiwiko, zilezile nilizokuwa nazo kila kiangazi nikiwa mutoto. Binti yangu Feza aliniletea dawa ya kuzipaka zipotee. Nikamwambia aiweke tu pale dirishani.