Ofa ya Mchele, Sukari na Tishu

Kisa hiki nimekisimulia mara tatu, na mara zote tatu nimeulizwa nilikuwa nimekunywa nini. Nilikuwa nimekunywa soda. Tena ya tangawizi, saa tisa alasiri, kweupe kabisa, na watu wamejaa dukani. Kwa hiyo ukitaka kucheka, cheka, ila usiniambie nililewa.

Kwanza unijue mie ni mtu wa aina gani. Mie ni mtu wa ndani. Mke wangu husema nikifa nizikwe na kochi langu, maana kututenganisha itakuwa kazi. Kutoka kwangu Tabata mpaka supamaketi ni hatua chache tu, na mie hizo naziita safari. Hiyo supamaketi, ambayo jina sitalitaja kwa sababu bado naiogopa, ina utaratibu wa pointi. Ukifika kaunta unataja namba yako ya simu, mashine inaandika ulichonunua, pointi zinaingia. Zikijaa, unapewa punguzo. Wewe si unazo pia? Unazo, usinifiche.

Mama yangu alikuwa anakaa Gongo la Mboto, peke yake, na duka hilohilo lina tawi ng'ambo ya barabara kutoka kwake. Kila Jumamosi alikwenda kununua vitu vyake, na akiulizwa namba, alitaja yangu.

"Pointi za nini mie mzee?" aliniambia. "Ziingie kwako mwanangu, upate hata sabuni."

Basi kila Jumamosi simu yangu ikawa inalia: umepata pointi kutoka tawi la Gongo la Mboto, na chini yake orodha ya vilivyonunuliwa. Mie nilikuwa naangalia pointi. Orodha nani anasoma? Nikiona meseji najiambia, mama mzima, katoka, kanunua. Hata kupiga simu nikaacha. Meseji ya duka ndiyo ikawa shikamoo yangu.

Sasa, Jumapili moja mvua ilikuwa inamwagika, na mke wangu akanituma mayai. Nikaenda nikinung'unika njia nzima. Pale kwenye mayai alisimama msichana kavaa fulana ya duka. Najua unachotaka kuuliza, na ndiyo, nilimwangalia miguu, sisi tumelelewa kuangalia miguu. Ilikuwa miguu ya binadamu, ina kandambili. Laiti ingekuwa kwato! Ningekimbia, na leo nisingekuwa na la kusimulia.

Kilichonishtua ni beji kifuani kwake. Mahali pa jina pameandikwa namba ya simu. Nikaisoma mara mbili. Ilikuwa yangu.

"Karibu kaka," akasema. "Leo una ofa yako peke yako."

"Ofa gani hiyo, sista?"

"Mchele kilo hamsini. Sukari kilo kumi. Majani ya chai, maji katoni sita, vikombe vya plastiki. Na tishu, maboksi kumi. Vyote nusu bei."

Nikacheka. "Mchele wote huo niupeleke wapi? Nyumbani tumebaki wawili, na kochi."

"Utaliwa wote."

"Na nani? Mie si mtu wa sherehe."

"Najua," akasema. "Wewe si mtu wa kwenda popote."

Hilo lilinichoma kidogo. Kisha akaanza kunisomea, bila karatasi wala simu, taratibu, kama mtu anayesoma ripoti ya shule mbele ya mzazi. Mwezi wa kwanza, nyama nusu kilo, ndizi, mchele. Mwezi wa pili nyama hakuna. Wa tatu mchele hakuna, unga wa uji umeongezeka. Wa nne uji na glukosi tu. Jana glukosi peke yake, pakiti moja.

"Hivyo vya nani?" nikauliza. Niamini, niliuliza hivyo kweli, mie mtoto wa kumzaa wa mama yangu.

Aliniangalia kwa namna ambayo naiona mpaka leo. "Chagua, kaka. Uchukue ofa, au utoke hapa sasa hivi uende Gongo la Mboto. Ukienda, ofa naifuta."

Nikatazama nje. Mvua. Nikawaza matope ya kule, nikawaza kochi. Nikasema, "Gongo la Mboto nitakwenda wiki ijayo, mvua ikikata. We nipe ofa."

"Haya," akasema, na sauti yake ikawa imechoka sana.

Nilirudi na mzigo kwenye bajaji kama mshindi wa bahati nasibu. Mke wangu alisimama mlangoni, akatazama mchele, sukari, maji, vikombe. Alipoona yale maboksi ya tishu akashika kichwa.

"Baba Neema," akasema, "umenunua vitu vya msiba. Nani kafa?"

"Hajafa mtu, mama. Ni ofa!"

Mama yangu alifariki Jumatano iliyofuata. Jirani yake ndiye aliyepiga simu. Daktari alisema ni koo, kwamba kwa miezi kadhaa alikuwa hamezi kitu kigumu, na kwamba angefikishwa mapema, hata siku tatu nne nyuma, wangejaribu. Mimi nikahesabu kwa vidole mpaka Jumapili, nikaacha.

Waombolezaji walikula mchele wote. Chai ilinyweka, sukari ikaisha, tishu zikaisha. Hakikubaki hata kikombe.

Baadaye nilikwenda kwa meneja wa duka. Kijana mstaarabu, akanikalisha ofisini, akanieleza kwa fahari kabisa. "Mzee wangu, mashine haijui mtu, inajua mwenendo. Mteja akiacha nyama, akashika uji, akaongeza glukosi, inamweka kwenye kundi lake. Halafu inaangalia wateja wa kundi hilo, familia zao hununua nini baadaye. Inawatangulizia ofa." Kisha nadhani akajisikia mwenyewe alichosema. Akafungua kompyuta. Ofa ya mchele na tishu haikuwahi kutolewa. Msichana huyo hawana. Lakini risiti yangu ilikuwemo, na mahali pa tawi, ingawa nilinunulia Tabata, paliandikwa Gongo la Mboto.

Tangu tumzike mama, mie nyama hainipiti. Inakwama hapa, kooni. Mke wangu anasema ni majonzi, ananipikia uji. Unga ananinunulia mwenyewe, na kaunta anataja namba yangu, ili pointi ziingie kwangu.

Juzi Jumamosi simu ikalia. Safari hii nikasoma orodha. Unga wa uji. Glukosi. Na chini yake: asante mteja wetu, ofa yako inaandaliwa.

Kesho nakwenda hospitali. Ndiyo, mie, kwa miguu yangu, hata mvua inyeshe. Na wewe, ukiulizwa namba kaunta, sema huna. Ila kama kuna mtu anayetaja namba yako kwa kukupenda, usihesabu pointi. Soma alichonunua, kisha nenda ukamwone leo, uso kwa uso, kabla duka halijakupunguzia bei.